Tonton Déo ameweka vigae kwenye jukwaa letu

Nani alimupa Tonton Déo, muzee wa kikundi chetu cha michezo, ufunguo wa théâtre? Ajitokeze hapa chini, maana miye niko na hasira.

Leo asubuhi nimefika kwenye théâtre yetu, hapa Etterbeek, na msasa mukononi, nimalize mbao za jukwaa. Ile jukwaa ya zamani tumeikwangua kila Samedi, juma kwa juma, vumbi mpaka mu meno, juu mbao ipate kuonekana tena.

Sikukuta mbao.

Nimekuta carreaux. Vigae vyeupe vya bafuni, jukwaa nzima.

Tonton amesimama katikati, mikono nyuma, anangoja tumupigie makofi.

« Ile mbao ilikuwa inatupatisha haya, » akasema. « Kwetu Lubumbashi, nyumba ya heshima ni carreaux. »

Bon. Sikupiga kelele. Mu pièce yetu, ule muchezo tunaandaa, Tonton ndiye anacheza chef, mutawala mwenye kufa ghafla. Kila répétition, tukifanya mazoezi, anaanguka puu, mpaka watoto wanalia.

Nikamwambia: « Tonton, kufa basi. »

Akaangalia vigae. Akaniangalia. Akavuta suruali juu kidogo, akashika ukuta, akapiga goti moja, kisha la pili, akalala polepole kama muntu anaogopa kuamusha bibi yake.

Akiwa pale chini akasema: « Kuko baridi. »

Donc tuko na jukwaa ya heshima, na hakuna muntu anaweza kufa juu yake.

Muniambie kama ni miye mubaya. Lakini kesho nakuja na nyundo ya kuvunja vile vigae, na Tonton ndiye ataishika.