Uwanja wa Baba Mkwe

Kwetu Matema, mke wa mtu hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni. Akija njia hii, wewe unakatiza migombani. Nilipoolewa niliona ni mateso, baadaye nikazoea, ila yule mzee nilimpenda kwa sababu ya uwanja wake.

Aliumwaga mwenyewe kwa saruji mbele ya nyumba, miaka ile maduka ya Kyela yalipoanza kujaa bidhaa tena. Kabla haujakauka aliuchora kwa vidole, mistari kama ya mkeka, kuanzia mlangoni hadi kwenye benchi lake linalotazama ziwa. Kila kiangazi, yeye akiwa kwa jirani, niliusugua kwa brashi, nikauacha ukauke mpaka ndani, kisha nikaupaka vanishi nyepesi kwa kitambaa. Nikipitisha kidole kwenye mifereji ile nilihisi kama tunaongea. Nilikuwa na furaha tele siku hizo.

Macho yake yalipoingia giza, aliifuata mistari kwa nyayo, pekupeku, taratibu, mpaka kwenye benchi. Hakutaka kushikwa mkono. Sote tulijua kwamba siku akishindwa kufika pale peke yake, hatatoka tena ndani.

Mwaka huo mume wangu alirudi na makopo ya vanishi kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Nikamwambia asubiri, saruji bado ina maji ya mvua.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akapaka na kupaka tena mpaka mifereji ikajaa. Uwanja ukang'aa kama mgongo wa samaki. Mume wangu, bwana mkubwa, alijisifu hadi jioni.

Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani, kila kitu kikalowa. Wengine walikwenda shambani, nikabaki jikoni. Nikamwona mzee akitoka. Aliweka unyayo chini, akapapasa. Akapapasa tena. Alikuwa kama mtu aliyeamkia nyumba ya wenyewe. Kisha mguu ukaanza kumponyoka.

"Baba, simama! Panateleza!"

Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. Mzee akaganda. Nikajifunika uso kwa kanga.

"Ni wewe unayeusugua uwanja huu?" akauliza, uso ameuelekeza ziwani.

"Ni mimi, baba."

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Alinishukuru kwa lugha ya kwetu. "Haya, niambie. Nipite wapi?"

Nikateremsha kanga nione nyayo zake tu, nikamwongoza kwa maneno mpaka mkono wake ukagusa benchi. Alipoketi alilia, nami nikalia jikoni, mlango ukiwa kati yetu.