Bafu la Gudveig

Gudveig alipoteleza kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, mumewe Torleiv alikula kiapo kwamba mke wake hatapanda tena ngazi zile kwenda kuoga. Bafu lao lilikuwa ghorofani tangu nyumba ijengwe. Chini hapakuwa na kitu ila jiko, sebule na stoo moja ya baridi walimoweka viazi, chupa za jamu na mbao za kutelezea kwenye theluji. Hospitali ilimtengeneza nyonga, kisha ikampeleka kwenye nyumba ya matunzo ya manispaa, ng'ambo ya fyodi, ule mkono mrefu wa bahari unaoingia kati ya milima. Huko wakasema wazi kwamba atarudi kwake siku nyumba itakapokuwa na bafu chini.

Basi Torleiv akaigeukia stoo. Viazi vikahamia kwenye kibanda cha kuni, jamu ikarundikwa sebuleni. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi mitambo wa feri, na mikono yake ilikuwa haijasahau kazi. Isitoshe, huku kwetu magharibi mwa Norwei, mwanamume anayeita fundi aje kumtundikia rafu hutazamwa kwa huruma, kama mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Torleiv akavunja sakafu, akalaza mabomba, akatandaza nyaya za kupasha joto, akamwaga zege lenye mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu. Juu yake akapaka dawa ya kuzuia maji, ikakauka, akapaka tena. Mwisho akabandika vigae vya kijivu, rangi aliyoichagua Gudveig mwenyewe akiwa kitandani. Kazi hiyo ilimla majira yote ya baridi. Kila alipomaliza safu ya vigae alijisikia amemvuta mkewe karibu kidogo na nyumbani.

Kibali hakuomba. Kubadilisha bafu hakuhitaji kibali, hilo kila mtu katika kijiji cha Nesvika analijua, na Torleiv alilisema dukani hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Na kwa bafu la zamani ni kweli. Ng'oa vigae, weka vingine, sinki lihamishie ukuta wa pili, manispaa haina habari nawe. Lakini chumba kile hakikuwa bafu. Kilikuwa stoo, na stoo ikigeuzwa chumba cha watu, manispaa inataka iombwe kwanza. Torleiv alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuwa akiyasema yale mengine kwa sauti kubwa.

Kilichomzuia hakikuwa uvivu wa kujaza fomu. Alimwogopa jirani. Mtu akitaka kujenga, humpelekea jirani yake taarifa ya maandishi, na jirani hupewa wiki mbili za kupinga kama ana neno. Jirani wa Torleiv ni Sigvald, dereva mstaafu wa basi la shule, na Sigvald ni kaka yake Gudveig, tumbo moja. Shemeji hao wawili walikuwa hawajasemezana kwa miaka mingi, ingawa kati ya milango yao mtu angeweza kurusha kijiko kikafika.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa taarifa ya namna hiyohiyo. Sigvald alitaka kujenga banda la gari upande wa chini, kati ya nyumba hizo mbili na maji. Akaleta taarifa yake kwa mkono, akanywa kahawa, akala keki, wakazungumza habari za hali ya hewa. Torleiv alitabasamu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaketi akaandika barua kwa manispaa akipinga, kwa sababu banda lingeizuia sebule yake isione fyodi. Sigvald alisoma pingamizi la shemeji yake katika barua ya manispaa, akiwa ameshamwaga zege la msingi. Banda halikujengwa. Lile zege likabaki pale, likiota majani wakati wa kiangazi, na kila baridi gari la Sigvald likalala nje likifunikwa na theluji.

Kusema kweli Torleiv hakuwahi kujiona mkosaji. Sheria ilimpa haki ya kuandika, naye akaandika. Ndivyo tulivyo huku: mtu atakukaribisha kahawa huku ana kinyongo nawe moyoni, na neno lenye uzito hulipeleka posta. Ila tangu siku hiyo alijua kwamba siku yeye atakapotaka kujenga chochote, Sigvald ataketi naye aandike. Na bafu la Gudveig lisingengoja Sigvald amalize hasira zake. Akafunga mapazia ya upande ule, akaanza kuvunja.

Siku ya ukaguzi ilifika theluji ikiwa imeanza kulegea. Aliyekuja ni Eirin, binti wa manispaa ambaye kazi yake ni kuzitazama nyumba za wagonjwa kabla hawajaruhusiwa kurudi. Torleiv alipika wafo, zile keki bapa za kuoka kwenye chuma, akakata jibini la kahawia, akavaa sweta lake la kanisani. Eirin alipima upana wa mlango, akatikisa vishikio vya ukutani, akamwaga maji sakafuni akayatazama yakikimbilia kwenye tundu bila kutuama. Akasema bafu hili ni zuri kuliko lake mwenyewe. Torleiv akavimba kwa furaha, akamwongezea wafo ambalo hakuliomba.

Kisha Eirin akafungua ramani ya nyumba aliyoitoa kwenye hifadhi ya manispaa, ili achore mahali pa vishikio. Akaitazama, akakitazama chumba, akairudia ramani.

"Mzee Torleiv, mbona hapa pameandikwa stoo?"

"Kubadilisha bafu hakuhitaji kibali, binti yangu."

"Kubadilisha bafu, sawa. Lakini hapa hapakuwa na bafu la kubadilisha, au sivyo?"

Torleiv akaanza kuokota makombo ya wafo mezani, moja moja. Eirin hakuwa mkali, na ule upole wake ndio uliomuumiza. Alieleza kwamba hawezi kutia saini kuwa nyumba iko tayari wakati chumba chenyewe, kwa manispaa, hakipo. Aende ofisi ya ujenzi aombe sasa, hata kama amechelewa. Na Mama Gudveig itabidi aendelee kukaa alipo.

Kesho yake alikwenda ofisi ya ujenzi akiwa amejiandaa kugombezwa. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, na hakumgombeza. Alimwambia kwamba ombi litapokewa. Lakini kwa kuwa kazi imeshafunikwa na hakuna jicho lingine lililoiona, mkaguzi wa nje lazima aone ile dawa ya kuzuia maji na namna ilivyoshikana na tundu la sakafu. Vigae vya kuzunguka tundu itabidi vitoke. Maji yakipenya taratibu ndani ya mbao za nyumba, alisema, huonekana sakafu ikishaoza. Torleiv hakubisha. Alikuwa mtu wa injini, alijua kwamba fundi hajikagui mwenyewe.

Alikuwa ameshavaa kofia alipouliza jambo lililomleta hasa, tena akiangalia dirishani.

"Na jirani? Taarifa ya jirani nimpelekee lini?"

"Jirani wa nini? Kazi ya ndani haimgusi, wala yeye haioni. Hiyo hatudai taarifa kwa jirani."

Torleiv akarudi kwenye kiti. Afisa akamuuliza kama anajisikia vibaya, akamletea maji. Majira mazima ya baridi alikuwa amefunga mapazia, akapiga nyundo wakati Sigvald ametoka, akabeba mifuko ya saruji kupitia mlango wa nyuma kama mwizi, yote kwa kukwepa karatasi ambayo hakuna mtu angemdai. Angeomba mwanzoni, mkaguzi angekuja na kuondoka, na Gudveig angekuwa jikoni kwake sasa. Alijiona mjinga, na ujinga huo aliubeba mpaka kwenye feri, na ng'ambo akashuka nao.

Gudveig alikuwa amekaa karibu na dirisha na sufu yake ya kufuma. Torleiv alimweleza habari za Eirin na za ramani. Alitaka kuishia hapo, lakini mke humsoma mtu, na yeye alikuwa amesomwa miaka mingi. Gudveig akamuuliza kwa nini basi hakuomba. Akamweleza na hilo: Sigvald, taarifa, wiki mbili, na jinsi ilivyotokea kwamba hata haikuhitajika. Alijaribu kucheka mwishoni. Gudveig hakucheka.

Torleiv akaharakisha kumwambia kwamba ni vigae vichache tu, atavitoa kesho, mkaguzi atakuja, na kabla theluji haijaisha kabisa yeye Gudveig atakuwa nyumbani.

"Mimi sijasema nina haraka," Gudveig akasema.

Torleiv alidhani hakusikia vizuri. Gudveig akaiweka sufu mapajani.

"Hapa kaka yangu anakuja kila Jumapili. Unadhani kwa nini nilikwambia Jumapili upumzike, usije? Anakuja, tunakunywa kahawa, ananisomea gazeti, tunacheka mpaka wauguzi wanatuchungulia. Kule nyumbani atakuja kupitia wapi, Torleiv? Dirishani?"

"Sikuwahi kumkataza mtu kuja kwangu."

"Hukumkataza, la. Uliiandikia manispaa." Akashusha sauti. "Ile fyodi uliyoipigania, mimi ndiye nilikuwa nakaa mbele ya hilo dirisha. Unajua nilichokuwa nakiona? Sikuwa naona maji. Nilikuwa namwona ndugu yangu mzee akichimbua gari kwenye theluji, kila asubuhi, na mume wangu ameshika kikombe nyuma yangu anasema leo hewa nzuri."

Torleiv alikuwa na hoja zote alizozitumia miaka ile, ziko palepale zimepangwa, lakini hakuna hata moja iliyothubutu kutoka mdomoni mbele ya mwanamke huyu mwenye mguu mbovu. Alimbusu kwenye paji la uso akaondoka. Alipanda feri ya kurudi akakaa kwenye gari muda wote wa safari, yeye ambaye huwa hakosi kwenda kusikiliza injini.

Siku iliyofuata alipiga magoti bafuni na patasi. Vigae vilikuwa vimeshika barabara, kwa maana alivibandika barabara, na kila kimoja kilitoka kwa vipande. Vilipoisha alivikusanya kwenye ndoo, akanawa mikono, akaketi mezani na karatasi. Akaandika taarifa kwa jirani kama zinavyoandikwa zote: jina la mwenye nyumba, namba ya kiwanja, stoo kugeuzwa bafu, sababu mke wangu hawezi ngazi. Aliikunja mara mbili akatoka nayo.

Sigvald alikuwa nje na koleo, anaondoa theluji kwenye magurudumu ya gari. Alimwona Torleiv akivuka uwanja akaendelea kuchimba. Torleiv akasimama pembeni ya lile zege la msingi, akanyoosha mkono wenye karatasi. Sigvald alivua glavu moja, akaisoma yote, akairudia kutoka juu.

"Hii haihitajiki," akasema. "Kazi ya ndani hii."

"Najua."

"Sasa umeniletea ya nini, shemeji?"

Neno hilo shemeji lilikuwa na miiba, lakini lilikuwa limetamkwa. Torleiv alikuwa ameandaa maneno njiani, marefu kidogo, yenye sheria ndani yake. Yote yalimkimbia.

"Mara ile ulikuja mlangoni kwangu ukanywa kahawa. Nilitakiwa nikwambie palepale. Sikukwambia. Nimekuja kukwambia sasa kwamba nilifanya vibaya."

Sigvald akamtazama. Uso wake ulikuwa uleule wa Gudveig, nyusi zilezile, na Torleiv alishindwa kuuangalia. Kisha yule mzee akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akaitia kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo.

"Nina wiki mbili za kujibu," akasema, akavaa glavu, akarudi kwenye koleo lake.

Torleiv alisubiri aone kama ni mzaha. Sigvald hakuinua kichwa. Torleiv akageuka, akarudi kwake kupitia mlango wa mbele.

Jioni hiyohiyo Gudveig alipiga simu kuuliza vigae vimetokaje. Akamwambia vimevunjika vyote. Akamwambia pia alikokwenda, alichosema, na alichojibiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasikia mkewe anapumua, na hakuweza kujua kama analia au anacheka.

"Wiki mbili," Gudveig akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi mpe wiki zake. Na mimi nitarudi siku atakayojibu, sio siku ya mkaguzi."

Torleiv akaweka simu chini. Akaenda sebuleni, akavuta mapazia ya upande wa Sigvald mpaka mwisho, na akaketi kwenye kiti cha mkewe. Kutoka pale fyodi ilionekana yote, kama alivyotaka. Mbele yake Sigvald alikuwa amemaliza magurudumu na sasa anaanza upande wa nyuma wa gari, polepole, akishika kiuno kila baada ya koleo kadhaa.