Mheshimiwa na mche wa karafuu

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Mkuyuni, na foleni mbele ya ofisi ya mbunge imeshakata kona ya duka la mbolea. Ni Jumamosi. Ndani, Mheshimiwa Eufrazia Lukwele anakunja mikono ya blauzi, anasogeza kiti mezani na kusema, "Karibuni. Aliyewahi aanze."

Aliyewahi ni mzee wa umri wa baba yake. Anavua kofia na kuinama. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Baba, usinifanyie hivyo. Shikamoo."

"Marahaba," mzee anaitikia kwa aibu, kama mtu aliyelazimishwa kula kwanza.

Mzee anataka mabati ya darasa. Anayemfuata anataka kivuko kwenye korongo kabla ya masika. Kijana wa tatu anataka jezi. Mbunge anaandika, anauliza, anaahidi pale anapoweza kuahidi.

Wa nne ni mama mwenye mtoto mgongoni. Shemeji zake wamemtoa katika nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Mbunge anaweka kalamu chini na sauti yake inabadilika. "Mlijenga mwaka gani? Mafundi walikuwa nani? Nani alikuwa anawapikia?"

Mama anajibu maswali mawili, halafu anatabasamu kwa adabu. "Hayo yote nimeshamweleza Wakili Yasmin, Mheshimiwa. Kesi ni Jumanne. Mimi nilikuja kuomba nauli tu."

Mlangoni, dereva wa mbunge, Castory, anakohoa ili asicheke.

Nauli inatolewa. Mama anashukuru na kuondoka, na mbunge anamwita wa tano huku macho yakiwa bado mlangoni.

Hapo ndipo penye donge lake, na Eufrazia halifichi. Kabla ya ubunge alikuwa wakili wa haki za binadamu kwa miaka kumi na saba. "Watu wanadhani mbunge ndiye anayeonewa wivu," anasema. "Mimi ndiye ninayeona wivu. Namwonea wivu Yasmin mpaka chakula hakipandi."

Alizaliwa kwenye miteremko ya Mkuyuni, mama yake akiuza ndizi gulioni. Alisoma sekondari Kilakala, akaenda Dar es Salaam kusomea sheria, na wenzake walipoanza kuvaa suti kwenye ofisi za mabenki, yeye akarudi Morogoro kufanya kazi katika shirika dogo la msaada wa kisheria.

Alitetea wakata miwa walioachishwa kazi wakiwa wamelazwa hospitalini. Alitetea wajane wa Dakawa walionyang'anywa majaruba ya mpunga. Malipo yalikuwa madogo na hayakuwa na tarehe. "Mshahara wetu ulikuwa kama mvua za vuli," anasema. "Ukijisikia unakuja, usipojisikia tunaonana mwakani."

Lakini kesi iliyompa jina ni ya Bibi Mwaisha.

Marehemu Bibi Mwaisha alikuwa mkulima wa maharage na mihogo. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa na kawaida ya kuvua kandambili kabla ya kuingia ofisi yoyote, akizipanga sawasawa ukutani, na kwamba hakuanza kueleza shida yake kabla ya kumuuliza aliye mbele yake kama amekula. Eufrazia alimwita "mama". Yeye alimwita Eufrazia "Eufra mwanangu".

Kaka wa Bibi Mwaisha alikuwa ameuza shamba la ukoo kwa mnunuzi kutoka mjini. Huku milimani kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama, hivyo mtu mmoja hawezi kuamka na kuiuza. Mtu wa ukoo mwingine anaweza kukaribishwa: apande mahindi, apande maharage, avune na ashukuru. Kitu kimoja tu hafanyi. Hapandi mti wa kudumu. Anayepanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya wenzake anasema kwa mikono yake kwamba haondoki.

Mnunuzi alipanda mitiki kila upande wa mpaka. Kwenye baraza la ardhi, wakili wake alisimama akasema miti hiyo ni ushahidi wa umiliki.

Eufrazia naye akasimama. "Mwenyekiti, mti uliopandwa na mgeni kwenye ardhi ya ukoo si ushahidi wa umiliki. Ni ushahidi wa uvamizi." Wanawake waliojaa nyuma walipiga vigelegele mpaka karani akawatishia kuwatoa.

Ukoo ulishinda. Mnunuzi akakata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa ikalala.

Ikiwa imelala hivyo, uchaguzi ukafika, na wazee wa chama wakamfuata Eufrazia. Bibi Mwaisha alimpigia kampeni kwa miguu, kijiji hadi kijiji, akiwa na fimbo. Kura zilipotangazwa alimshika mkono na kumuuliza, "Sasa Eufra mwanangu, kesi yangu unaniachia nani?"

Alimwachia Yasmin Stambuli, wakili kijana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. "Alikuja ofisini hajui hata upande gani wa faili unafunguliwa," Eufrazia anasema. "Nilimfundisha kuandika hati. Nilimfundisha kukaa kimya mteja akilia. Nilimfundisha vizuri mno."

Bibi Mwaisha alifariki wakati wa Bunge la bajeti. Eufrazia aliomba ruhusa Dodoma, akafika msibani siku ya tatu, mazishi yamekwisha. Alimkuta Yasmin amekaa mkekani kati ya wafiwa, kanga kichwani, akipokea pole kama binti wa nyumba ile na kusimulia maneno ya mwisho aliyoachiwa na marehemu.

"Mimi nililetewa kiti," anasema. "Kimevalishwa kitambaa cheupe. Nikasema, jamani, naombeni mkeka. Wakasema, 'Aa, Mheshimiwa, utachafuka.' Nilimlilia yule mama nikiwa juu ya kiti, peke yangu, kama niko jukwaani."

Mwaka jana Mahakama Kuu ilitupilia mbali rufaa. Ujumbe ulimfikia akiwa bungeni, waziri mmoja anasoma hotuba. "Nilipiga makofi peke yangu. Jirani yangu akadhani nimemwelewa waziri."

Ukoo ukapanga siku ya kulima shamba kwa mara ya kwanza tangu liuzwe, kazi ya ujima, na chakula baadaye. Neema, binti wa marehemu, ndiye aliyempigia simu mbunge kumkaribisha. Jambo moja hakulisema, kwa sababu hakuona kama lina haja ya kusemwa: jembe la kwanza wanawake walikuwa wamempa Yasmin.

Eufrazia alifika na gari, viti vya plastiki nyuma, na mche mmoja wa karafuu umesimamishwa mbele, karibu na miguu yake. Njia nzima aliushika kwa mkono usianguke.

Aliposhuka alisikia wanawake wakiita, "Wakili wetu! Wakili wetu!" Akageuka, mkono umeshanyanyuka kuwapungia.

Hawakuwa wanamwita yeye. Yasmin alikuwa amesimama katikati ya shamba, pekupeku, sketi ameifunga juu ya magoti, jembe begani. Alipiga pigo la kwanza, udongo ukapinduka, na mlima mzima ukalia vigelegele.

Mbunge aliketishwa kivulini na chupa ya maji mbele yake. Alivumilia kidogo. Halafu akasimama, akauchukua mche, akaazima jembe kwa mwanamke wa karibu na kupanda hadi kwenye mpaka wa juu wa shamba. "Ndugu zangu," alisema, "naomba nipande mti huu wa kumbukumbu ya mama yetu Mwaisha."

Akachimba. Akauweka mche. Akashindilia udongo kwa kiganja.

Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima alinyooka na kubaki hivyo hivyo, mkono kiunoni.

Neema alisogea. "Mheshimiwa, huo ni mkarafuu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mkarafuu unakaa miaka mingi. Wajukuu zetu wataukuta." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe si wa ukoo wetu. Kwenu ni kule chini."

Ndipo Castory, ambaye ni Mpogoro na kwa hiyo ni mtani wa Waluguru, alipopiga makofi kutoka kwenye gari.

"Jamani Waluguru! Mnalima mlima mpaka mnajifunga kamba msidondoke, halafu hata hako kapande mnavamiana wenyewe kwa wenyewe! Haya, mvamizi huyo hapo, mshtakini! Wakili si mnaye?"

Shamba zima likaangua kicheko. Wengine walikaa chini. Yasmin alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe.

"Nawe Mpogoro nyamaza!" bibi mmoja alimrudishia. "Tungekuwa na wewe kwenye kesi, ungemuuzia shamba hakimu!"

Mtani hakasirikiwi, na Eufrazia alilazimika kutabasamu. Neema aliuchimbua mche polepole na udongo wake, akaurudisha kwenye mfuko na kumkabidhi kwa mikono miwili. "Upeleke kwenu, Mheshimiwa. Utakubali vizuri. Na chakula kipo tayari, karibu." Kisha akacheka kidogo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata hukuwa mgeni kwetu. Umejifanya mgeni kwa kuja na viti."

Castory anamtetea bosi wake. Anasema ni mazoea ya kazi. "Kila ziara kuna mti. Shuleni mti, zahanati mti. Kwingine tunapanda mpaka hatuoni pa kupaki. Mkono umezoea."

Eufrazia anakataa utetezi huo.

"Ningesema nimesahau, wote wangenisamehe siku ile ile," anasema. "Sikusahau. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza nikaeleza maana ya mti. Nilijua. Yeye alikuwa na jembe la kwanza, alikuwa na mkeka, alikuwa na maneno ya mwisho ya yule mama. Nikataka na mimi kitu changu kibaki pale, wakikiona waseme, huyu ni Eufrazia. Wivu ulinishika mkono nikapanda."

Katika ofisi ya msaada wa kisheria mjini Morogoro, Yasmin anaisikiliza habari hiyo huku akifunga kamba kwenye faili. Anasema hana kinyongo, na kwamba naye ana wivu wake wa moyoni. "Nikisimama mahakamani, kabla sijasema neno, naulizwa, 'Wakili Lukwele hajambo?' Nimeshinda ile rufaa mimi, lakini mitaani inaitwa kesi ya Eufrazia. Basi na tugawane wivu, kila mtu abebe kipande chake."

Muhula unaelekea ukingoni. Wazee wa chama wamemfuata tena Eufrazia, na mara hii amewaambia hatachukua fomu ya kugombea. Walidhani anataka kubembelezwa. Walirudi mara ya pili na jibu likawa lile lile. Anataka kivuko cha korongo kikamilike, darasa lipate mabati, halafu arudi kwenye uwakili.

Tayari amekwenda kwa Yasmin kuomba nafasi.

"Nilimwambia meza ipo, dada," Yasmin anasema. "Ila wateja waliopo ni wangu. Aanze na watakaokuja."

Eufrazia anasema aliyakubali masharti hayo pale pale, na usiku hakulala vizuri. Ameshaichagua meza, iliyo karibu na mlango, ambayo wengine hawaipendi kwa sababu ya vumbi la barabara.

"Nataka mteja mmoja tu wa kuanzia," anasema. "Hata kama anamtafuta Yasmin akakosea meza, akaketi kwangu na kuanza kueleza." Anacheka, kisha uso wake unatulia. "Sitamrekebisha."