Mtu wa Kumjibia Lianqiao

Bi Tong Wanru alimuua Lianqiao mwezi wa Mei mwaka 1992, kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu wafanyakazi arobaini wa kiwanda cha raba walikuwa hawamsikilizi.

Wakati huo alikuwa na miaka miwili tu katika kazi ya kuongoza wageni ndani ya Jumba la Kifalme hapa Beijing. Watu wa raba walikuwa wamemtawanyikia. Wengine walikuwa wanapapasa misumari ya malango wapate bahati, wengine wamekalia ngazi za marumaru wakimenya mayai ya kuchemsha, na mmoja alikuwa amepanda mgongoni mwa kasa wa shaba. Bi Tong akawakusanya kwa shida, akawaingiza kwenye ujia mwembamba wa upande wa mashariki, ukuta mwekundu huku na ukuta mwekundu kule, akashusha sauti. Akawaambia hapo ndipo alipofia kijakazi mmoja, binti aliyeingia jumbani ana miaka kumi na mitatu na hakutoka. Alivunja kikombe, akachapwa, akafungiwa chumba cha pembeni, asubuhi akakutwa amepoa. Siku za mawingu, jumba likikaribia kufungwa, utamsikia akipita hapa na viatu vyake vya nguo, mbiombio, kama mtu aliyeitwa.

"Jina lake nani?" aliuliza mama mmoja mwenye yai mkononi.

"Lianqiao," alisema Bi Tong, maana ndilo lililomjia. Ni jina la ua la manjano linalochanua kila mwezi wa Machi kando ya kila barabara ya mji huu. Angeulizwa siku nyingine huenda angesema jingine.

Watu wa raba walitembea kimya mpaka lango la kutokea, na hakupotea hata mmoja. Bi Tong alitambua siku hiyo kwamba msichana mmoja aliyekufa anachunga watu kuliko kipaza sauti.

Tangu hapo hakumwacha. Aliolewa na dereva wa basi la umeme, akazaa binti, akamzika dereva, binti akahamia Chengdu na sasa hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama mama yake amekula. Na katika yote hayo Lianqiao alikuwa akifa mara mbili kwa siku, mara tatu wakati wa likizo ya Oktoba. Hadithi ikawa na miguu yake. Waongozaji wengine waliichukua. Mimi mwenyewe niliiiba wiki yangu ya kwanza kazini, nikakigeuza kikombe kuwa cha rangi ya kijani, na mwaka uliofuata nikamsikia mwongozaji kutoka Tianjin akiapa kwamba ameona vipande vyake kwa macho yake.

Ila mimi sikuwahi kumsikia Lianqiao. Bi Tong alimsikia.

Aliniambia kwenye benchi nyuma ya ukumbi wa saa, mahali tunapokunywa chai wageni wakishangaa saa za wafalme. Ananiita Meng Mdogo, ingawa nina miaka hamsini na miwili na magoti ya mtu wa sabini.

"Meng Mdogo, nikikuambia kitu utacheka?"

"Inategemea."

"Namsikia."

"Nani?"

"Yule wangu."

Sikucheka. Nilimwambia ni mabomba ya maji.

"Mabomba gani? Ukuta una miaka mia sita."

"Basi ni paka. Humu paka ni wengi kuliko wafalme waliowahi kukaa."

"Paka havai viatu," alisema, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa.

Sikuendelea kubishana, kwa sababu nilikuwa nimeshaona jambo moja. Mara kwa mara, kwenye saa kumi hivi, mbingu ikiwa imefunga, Bi Tong alikuwa akifika katikati ya ujia ule, anasogea pembeni na kubana mgongo ukutani, kama unavyompisha mtu aliyebeba sinia. Ujia mtupu. Anangoja kidogo, anajifuta vumbi la rangi nyekundu begani, anaendelea na bendera yake ya kuongozea wageni. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Wengine walipiga makofi.

Mzee Suo alikuja mwaka juzi, mwezi wa saba kwa kalenda yetu ya kale, mwezi ambao watu huwachomea wafu wao karatasi kwenye njia panda. Alikuja na kundi la wastaafu thelathini, kila mmoja kapewa kofia ya manjano. Yeye alikuwa ameivaa juu ya kofia yake mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini na mitano, mkongojo, na mfuko wa kitambaa ambao hakutaka mtu ambebee.

"Binti," alimwambia Bi Tong, ambaye alikuwa na sitini na mmoja, "mbona unakimbia? Mfalme anakusubiri?"

"Mfalme alishaondoka, babu. Lakini lango linafungwa saa kumi na moja, liwe na mfalme lisiwe naye."

"Nilidhani waongozaji wanalipwa kwa maneno. Wewe unalipwa kwa hatua?"

"Ukinyamaza kidogo nitakupa maneno."

Kundi likacheka. Hivyo ndivyo walivyokwenda, wakirushiana maneno, uwanja baada ya uwanja, mpaka ujia wa mashariki. Mawingu yalikuwa yameshuka. Bi Tong akashusha sauti, akatoa hadithi yake: kikombe, viboko, chumba cha pembeni, viatu vya nguo. Alipolitaja jina, mzee aliinua mkongojo kama mwanafunzi anayetaka kuuliza.

"Rudia."

"Lianqiao."

Mzee aliteremsha mkongojo. Wenzake walipokwenda kuona saa, yeye alibaki pale pale. Mimi nilifika wakati huo, kundi langu limeshamaliza, natafuta maji ya moto. Nilimkuta amefungua mfuko wake na kutoa kizibao cha pamba cha rangi ya buluu, cha mtoto wa miaka kumi na mitatu, kimepauka mpaka kinakaribia kuwa cheupe.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema. "Dada mkubwa wa baba. Suo Lianqiao. Aliingizwa humu mwaka 1903. Mara moja kwa mwezi nyanya yangu aliruhusiwa kuja kwenye uzio wa lango la nyuma, wanaonana kati ya nguzo, wanalia, muda unakwisha. Mwezi wa nne tangu aingie, shangazi hakutokea. Towashi mmoja akamwambia nyanya, nenda nyumbani, usije tena. Hakuna maiti, hakuna barua."

Bi Tong alikuwa ameikamata bendera yake kwa mikono miwili.

"Baba alipokuwa anakufa aliniambia, kamlete dada yangu. Ningemleta vipi? Humu kuna vyumba elfu tisa. Utasimama mlango gani uanze kuita? Nimekaa na hiki kizibao chake miaka arobaini. Mwezi uliopita mjukuu wangu ananionyesha simu, kuna mwongozaji anasimulia. Ujia wa mashariki, Lianqiao." Akakunja kizibao juu ya mkono wake. "Sasa nasikia hadithi yenyewe ilianzia kwako. Nataka kumtoa leo, roho yake irudi kwao. Mimi naita, nimeshika nguo yake. Kila kizingiti tunachovuka naita, na mtu mwingine anajibu kwa niaba yake. Sharti awe mwanamke. Mke wangu ndiye angejibu, lakini siku hizi naye ni wa kuitwa."

"Nijibu nini?" aliuliza Bi Tong, ingawa alijua. Kila mtu wa hapa anajua.

"Useme 'nimerudi'. Tunatembea mpaka nje, hatugeuki nyuma. Kesho nitakilaza kizibao kaburini kwa baba. Halafu na mimi nitaweza kufa bila kuogopa atakachoniuliza."

Bi Tong alinivuta kando.

"Jibu tu," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Mzee apate usingizi. Unapungukiwa nini?"

"Atamzika nani, Meng Mdogo? Nilitafuta neno la kuwanyamazisha watu wa raba. Leo liende likalale kaburini na baba wa huyu mzee?"

"Ukimwambia, arudi nyumbani na nini?"

"Na ukweli."

"Ana miaka themanini na mitano. Afanyie nini ukweli?"

Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau, akarudi kwa mzee, akamweleza yote. Hakujitetea. Alimtajia kiwanda, mwaka, hata yai.

Mzee Suo alisikiliza akiwa ameegemea mkongojo.

"Kikombe?"

"Nilitunga."

"Viboko?"

"Nilitunga."

"Ujia huu?"

"Ulikuwa karibu, babu. Ungekuwa karibu mwingine, angefia mwingine."

"Na jina?"

"Lilinijia tu."

"Lilitoka wapi?"

 Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Bi Tong swali hilo, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza.

"Unafanya kazi humu tangu ujana wako," mzee alisema. "Umewahi kumsikia?"

Angeweza kusema hapana, na angekuwa amesema jambo la busara. Wakuu wetu hawapendi mambo ya mizimu, na tulishaonywa kwa maandishi.

"Ndiyo," alisema. "Namsikia."

"Basi." Mzee akakitundika kizibao kwenye mkono wa kushoto. "Kama ulimtunga, hutapungukiwa na kitu nikimchukua. Kama ni wetu, hukuwa na haki ya kumshikilia. Twende, lango linafungwa."

Vizingiti vya jumba vinafika gotini. Wazee husema vilijengwa hivyo makusudi, kwa kuwa wafu hawakunji magoti. Aliye nje haingii, na aliye ndani, kwa mantiki hiyo hiyo, hatoki. Kwa hiyo kwenye kila kimoja mzee alisimama, akakiinua kizibao juu kwa mikono miwili, mkongojo nikiwa nimemshikia mimi, akakivusha kwanza kabla ya kuvuka yeye.

"Lianqiao! Rudi nyumbani!"

"Nimerudi," alisema Bi Tong.

Mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya kuambia watu waangalie ngazi. Kizingiti cha pili ilikuwa imepungua. Cha tatu ilikuwa sauti ya mtu anayejibu kutoka chumba kingine.

Tulipopita mbele ya ukumbi wa saa, wale wastaafu walikuwa wanatoka. Mama mmoja alianza kuuliza kama sasa ndiyo wakati wa choo. Kisha akaona kizibao. Walikuwa watu wa umri wa kutosha. Hakuna aliyehitaji maelezo. Wakavua kofia za manjano, mmoja mmoja, wakatufuata nyuma. Nimeongoza wageni miaka kumi na tisa na sijawahi kuona watu thelathini wakitembea ndani ya jumba lile bila hata mmoja kugeuka nyuma wala kutoa simu.

Mlinzi alitusimamisha karibu na kizingiti cha tano.

"Kuna nini hapa?"

"Kwaya ya wastaafu," nilisema. "Wanafanya mazoezi."

Alitutazama, akatazama kizibao, akatazama kofia mikononi. "Waimbe taratibu," alisema, akasogea pembeni.

Tulitokea lango la mashariki. Malango mengine yote yana misumari themanini na mmoja kwenye kila ubao. Lile lina sabini na miwili, namba ya wafu, na inasemekana majeneza ya wafalme yalipitishwa pale. Mzee Suo hakupapasa hata mmoja. Alikiinua kizibao, akaita. Bi Tong akajibu, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimwangalia mdomo nihakikishe ni yeye. Alikuwa ni yeye. Uso umelowa, naye hajifuti.

Basi la wastaafu lilikuwa limeegeshwa kando ya handaki la maji. Mzee aliketi dirishani, akakilaza kizibao kwenye kiti cha pembeni, akakinyoosha mikunjo. Yule mama aliyeulizia choo alitaka kukaa pale.

"Kiti hiki kina mtu," mzee alimwambia.

"Samahani," alisema mama, akaenda nyuma.

Kesho yake mbingu ilikuwa bado imefunga. Bi Tong alikuwa na kundi la walimu wa hesabu kutoka Zhengzhou. Nililiona kwa mbali likiingia ujia wa mashariki, saa kumi kasoro kidogo, nikaenda kusimama mdomoni mwa ujia, sijui kwa nini. Bi Tong alifika katikati. Akasogea ukutani, akabana mgongo. Akangoja. Nilihesabu mpaka mia na kitu, nikaacha. Walimu walianza kuangaliana. Mmoja akakaa chini, akatoa yai mfukoni, akaligonga kwenye saa yake ya mkononi.

Hadithi hakuisimulia. Aliwaeleza habari za rangi ya kuta, inavyochanganywa, inavyopakwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Walipotoka, wawili walikuwa wamepotea.

Baadaye alikuja kwenye benchi. Alimimina chai kwenye kifuniko, akakiweka kati yetu, hakunywa.

"Meng Mdogo."

"Naam."

"Yale mabomba yako. Leo kimya. Wameyatengeneza?"

"Huenda," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Mpaka leo, mawingu yakishuka, Bi Tong hufika katikati ya ujia ule na kusogea pembeni, na hurudi kwa kundi lake akiwa na rangi nyekundu begani.