Habari Njema ya Robanda na Koti la Msiba

Safari hii niliifunga kwa sababu ya dole gumba la mzee mmoja. Mwaka huo, tukiwa bado chini ya Mwingereza, nilikuwa mkuu wa chuo kidogo cha ualimu pembezoni mwa Turwa, karibu na mji wa Tarime. Jumatatu asubuhi ilifika barua kwamba mwanafunzi wetu Makuru, mtoto wa Mzee Machaba wa Robanda, amechaguliwa kwenda kusoma katika chuo kikuu kule Kampala. Hakuna mwanachuo wetu aliyewahi kufika huko. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kupiga kengele kwa mkono wangu, nje kabisa ya saa yake, na wanachuo wakatoka madarasani mbio wakidhani jiko limeshika moto.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya pili. Mzazi alitakiwa kukubali kwa sahihi au kwa dole, na karatasi hiyo iwahi mfuko wa posta unaoondoka Tarime Jumamosi asubuhi. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Makuru mwenyewe alikuwa akifundisha darasa la majaribio mbele ya mkaguzi wiki nzima, hakuweza kuondoka. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nakiri kwamba sikutaka. Furaha ile niliitaka iwe yangu kuitoa. Nilijiwekea na sharti moja ambalo wakati ule niliona ni la adabu sana: mtu wa kwanza kuisikia nje ya chuo awe baba yake.

Jumanne alfajiri nilidandia lori lililokuwa likienda mgodini, upande wa Mto Mara, baiskeli yangu ikiwa imefungwa juu ya magunia. Nilivaa koti langu jeusi. Nilikuwa na koti moja tu, la kanisani, la wageni na la safari. Dereva alikuwa Mkurya mcheshi aliyekuwa akipiga mluzi tangu tulipoondoka, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu, leo umevaa kweli kweli. Unaenda wapi?"

"Robanda, kwa Mzee Machaba. Nina barua yake."

"Barua ya nini?"

"Ni yake. Ataisikia mwenyewe kwanza."

Dereva akaacha kupiga mluzi. Nilidhani barabara imekuwa mbaya. Na kweli ilikuwa mbaya, kwa sababu kabla hatujafika mgodini chupa yangu ya wino ilivunjika ndani ya mkoba, ikapaka wino shati la akiba na soksi zote mbili. Barua na karatasi nilikuwa nimevitia mfukoni mwa koti, vikapona.

Saa sita mchana nilikuwa kwenye Mto Mara. Maji yalikuwa yamepungua, tofauti na mwaka uliotangulia, na mzee wa mtumbwi alinivusha mimi na baiskeli yangu huku akiwasemesha viboko kana kwamba ni majirani wasumbufu. Naye aliuliza niendako, nami nikamjibu vilevile: Robanda, kwa Machaba, nina barua, zaidi siwezi kusema. Tulipofika ng'ambo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Enda polepole, mura," alisema, yaani kijana kwa lugha yao. "Hata ukichelewa, jambo limeshakuwa."

Nikaona ni busara za kizee. Nikapanda baiskeli.

Jioni nilifika Morotonga, kwa rafiki yangu Elia, katekista. Lori lilikuwa limenitikisa tumbo hadi sikutaka kuona chakula. Mke wake aliniletea ugali na maziwa ya mgando, nikashukuru, nikasukuma sahani pembeni, nikaomba maji tu, nikasema nina barua ya Mzee Machaba. Kulipopambazuka alikuwa na chungu cha uji motoni. Nikamwambia shemeji anisamehe, nina haraka, Mzee Machaba ananingoja bila kujua. Elia ni mtu wa heshima, hakuuliza kitu. Alinisindikiza hadi njiani akiwa amevua kofia. Mkwewe, aliyelala hapo na aliyekuwa akienda Robanda siku hiyo hiyo kwa miguu, alikuwa ameshatangulia kwa njia ya mkato.

Jumatano nzima nilisukumana na njia. Tairi la nyuma lilipasuka mara mbili kwa miiba, na mara ya pili nililiziba huku kundi la nyumbu likinitazama, likinihesabu kuwa si kitu. Nilikuwa nikitunga hotuba kichwani. Nianze na nini? Na bweni jipya tuliloliezeka bati? Na timu yetu ya mpira iliyowafunga watu wa Musoma kwao? Hapana, hayo yatakuja baadaye. Kwanza Makuru. Nilicheka peke yangu porini kama mwendawazimu.

Alasiri niliiona Robanda. Uani kwa Machaba palikuwa na watu wengi, na moto umewashwa nje. Moyo wangu ukafurahi zaidi: kumbe wamesikia, wanasherehekea! Nikapiga kengele ya baiskeli.

Kilio kilichonijibu sitakisahau. Wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Katikati yao alikuwa mama yake Makuru, Nyangi, kanga ameifunga kiunoni, mchanga kichwani. Aliponiona na koti langu alianguka kifudifudi. Na mwanamke aliyekuwa amemshika mabega nilimfahamu. Alikuwa mke wa Mzee Sabai.

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimewahi kufika Robanda mara moja tu maishani, mwaka uliotangulia, kwa baiskeli hiyo hiyo na koti hilo hilo, kumwambia Mzee Sabai kwamba mwanawe Wambura, aliyesoma darasa moja na Makuru, amefariki kwa homa chuoni. Mto ulikuwa umefurika, kijana tukamzika Tarime bila wazazi. Maji yaliposhuka kidogo nilimletea baba yake sanduku la nguo na karatasi ya kulipokea, naye akaweka dole. Sasa mwalimu yule yule ametokea tena, amebeba barua asiyotaka kuisema, na huko Morotonga amelala na njaa. Mkwe wa Elia alikuwa ameyafikisha hayo kabla yangu, na hakuwa na haja ya kuongeza neno.

"Makuru ni mzima!" nilipiga kelele. "Msiogope! Ni mzima, jamani!"

Hakuna aliyenyamaza. Mzee Sabai alisimama kutoka miongoni mwa wanaume, mrefu, mkavu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, hata mwaka jana ulianza hivyo. Ulisema, msiogope."

Ni kweli. Nilisema hivyo, neno kwa neno, nikimtayarisha. Nilitoa barua nikaisoma kwa sauti, nikaifasiri, nikasema Kampala, nikasema chuo kikuu, nikasema ni heshima kwa chuo chetu na kwa Mara nzima. Nilipotoa ile karatasi ya pili na kutaja dole, Mzee Machaba, ambaye tangu nifike alikuwa ameketi kando ya moto, aliificha mikono yote miwili kwapani.

"Dole langu sitoi," alisema. "Mwenzangu alitoa dole, akapewa sanduku. Mimi niletee mtoto, nimwone, ndipo uniambie mambo ya karatasi."

"Mzee, nikienda kumleta Jumamosi itapita. Nafasi itapotea."

"Ipotee. Ningojee sanduku?"

Nilikuwa nimepita milima na mto na miiba kwa ajili ya dole lile, na aliyelificha nilikuwa mimi mwenyewe, kwa ukimya wangu wa kipumbavu. Niliona wazi Makuru akibaki, na maisha yake yote hataambiwa sababu yenye maana. Nilitamani kulia pamoja na wale akina mama.

Mzee Sabai alisogea mbele na fimbo yake. Aliniuliza, "Mwalimu, siku ile kwangu ulikula?"

"Sikula, mzee."

"Mke wangu alikupikia. Ulikataa hata maji."

"Ningekulaje?"

Akawageukia wenzake. "Mleta kifo hali chakula cha nyumba aliyoiletea. Hata huyu hakufundishwa na mtu, koo lake lenyewe lilikataa. Basi mpikieni. Akila, mtoto yuko hai. Asipokula, tuendelee kulia."

Nyangi akainua uso wenye mchanga. Hakuna aliyetaka kunipikia wala aliyethubutu kukataa, mwishoni mke wa Sabai mwenyewe alikwenda jikoni. Aliniletea ugali wa mtama uliokuwa mweusi na mgumu, na bakuli la nyama kavu iliyochemshwa. Hapo wanaume kadhaa walianza kutazamana, kwa kuwa siku zile wazungu wa wanyama walikuwa wakali sana kwa wawindaji upande wa Robanda. Mimi sikuuliza ni nyama ya nini. Sikuuliza wakati ule, na wala sijauliza hadi leo.

Niliketi chini. Kwa kweli nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nikakata tonge, nikalichovya kwenye mchuzi, nikameza. Sijawahi kutazamwa nikila namna ile. Uani kote hakuna aliyekohoa. Tonge la pili. La tatu nilichukua na kipande cha nyama, na mafuta yakanitiririka hadi kwenye kiwiko cha koti. Nilipofika la tano nilisahau kabisa kwamba ni mtihani, nikanyoosha mkono kutafuta mfupa.

"Mwongezeeni!" alipiga kelele Nyangi.

Hapo ndipo kilio kilipogeuka vigelegele. Watu walinikumbatia nikiwa bado natafuna. Nyangi alicheka, akalia, akanipiga mgongoni kwa ngumi, akanitukana kwa Kiikoma, lugha ya kwao, matusi ambayo hakuna aliyekubali kunifasiria. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, na sikuona haya hata kidogo. Mzee Machaba alitoa mikono kwapani, akaitazama kana kwamba amerudishiwa kitu chake.

Wino sikuwa nao. Tulikwangua masizi ya chungu, tukayachanganya na mafuta ya ile nyama, na dole gumba la Machaba likashuka kwenye karatasi jeusi tii, likaacha na doa la mafuta pembeni. Baadaye wakaniuliza habari za chuo, nami nikazimwaga zote: bati, mpira, kisima, shamba la mihogo, waliofaulu na waliobaki kurudia. Walizisikiliza zote kwa uvumilivu mkubwa, na nilipomaliza Nyangi aliuliza swali moja tu, kama Makuru anakula vizuri.

Alhamisi asubuhi Mzee Sabai alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Alikuwa akisukuma baiskeli yeye, nami nilimwacha.

"Na wangu," alisema bila kunitazama. "Angefika huko Kampala?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Lakini nilikuwa nimeshaona jana thamani ya maneno yangu matamu. "Sijui, mzee," nikasema. "Hesabu zilikuwa zikimshinda. Lakini watoto wadogo walipenda sana awafundishe yeye. Walikuwa wakimgombania."

Alisimama. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Hata mbuzi alikuwa akiwahesabu vibaya. Kila jioni ananiambia wametimia, na mmoja yuko porini." Akanipa baiskeli. "Mwalimu, umekuja mara mbili, na mara zote una kitu mfukoni. Njoo siku moja huna kitu. Njoo ule tu. Mama Wambura akiliona hilo koti lako anatetemeka. Alizoee."

Nikamwahidi.

Kurudi nilirudi kwa makelele. Kila nyumba niliyoipita nilitangaza kabla sijashuka kwenye baiskeli: Makuru wa Machaba anakwenda chuo kikuu! Nilimtangazia mwanamke aliyekuwa akipepeta ulezi, ambaye hamjui Makuru wala chuo kikuu. Kwa Elia nilikula sahani mbili nikiwa mlangoni, na mkewe akakaa chini akashika kifua kwa kushusha pumzi. Mzee wa mtumbwi aliwatangazia viboko. Ijumaa nilimkuta dereva yule yule mgodini, na tukapiga mluzi wote wawili hadi Tarime. Jumamosi asubuhi karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa posta, na nilisimama pale hadi mfuko ulipofungwa kamba. Makuru alikwenda Kampala. Hakuna aliyeuliza habari za lile doa la mafuta.

Katika safari hiyo nilijifunza kwamba habari njema si mali ya kuficha chini ya koti, na kwamba watu husoma miguu na tumbo la mjumbe kabla ya barua yake. Lakini somo langu kubwa nililipata mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilipofunga tena safari ya Robanda bila barua, bila karatasi, mkoba mtupu. Mama Wambura alikuwa uani akisaga ulezi kwenye jiwe. Aliniona nikitokea mbali, na koti langu jeusi. Mikono yake ikasimama juu ya jiwe. Nami nikasimama na baiskeli yangu, nikaogopa kupiga hata hatua.

Kisha akaendelea kusaga.

"Mwalimu," aliita bila kuinuka, "umewahi sana. Ugali bado."