Mama yake Komora alivyofungasha upya kila tulichopanga kwenye nyumba mpya, Garsen

Wakuu, nawasalimu kutoka Garsen, kwenye joto letu.

Hii sijasimuliwa, nilikuwepo na mgongo unaniuma hadi leo. Komora mwenyewe yumo humu jukwaani, nikitia chumvi atanisuta mbele yenu.

Komora ni rafiki yangu tangu shule, sasa ni mwalimu. Mamake analima mpunga na ndizi Kilelengwani, huko delta. Mto ukijaa, wanafunga vitu kwenye magunia na kukimbilia muinuko. Maji yakishuka, wanarudi. Ndivyo alivyoishi maisha yake yote.

Mafuriko yaliyopita yalimkuta dawa za presha zimemwishia, na mashua ikachelewa kumtoa. Alipofika kliniki alikuwa hamtambui hata mwanawe.

Komora akaapa kwamba mama harudi kukaa kule. Akachukua nyumba ya vyumba viwili hapa mjini, ghorofa ya kwanza, karibu kabisa na kliniki.

Mama akakubali kuja "kutembea tu". Lile "tu" lilimnyima Komora usingizi.

Jumamosi nikaitwa kusaidia. Tukapandisha kitanda, magodoro, magunia ya mama, na kinu. Wakuu, kinu! Cha mti mzito, ngazi nyembamba, jua linawaka.

Nikamuuliza Komora, nani anatwanga ghorofani siku hizi?

"Nyamaza," akaninong'oneza, "akisikia atageuza safari."

Tukafanya unpacking kwa adabu zote. Vyombo kwenye shelfu, nguo kabatini, mkeka chini. Mama ametulia kwenye godoro, anatutazama, anasema tu "ahsanteni wanangu".

Tukatoka kununua mpira wa gesi. Hatukukawia.

Kurudi, nyumba tupu! Kila kitu kimerudi kwenye magunia, kimefungwa kamba, kimepangwa juu ya meza. Mengine ameyaning'iniza kwenye vyuma vya dirisha. Mama amekaa kando yake, leso begani.

"Mama, ni nini tena?" Komora akauliza.

"Vitu vikae tayari."

"Tayari kwenda wapi? Hapa ni juu! Maji yakifika hapa basi Garsen yote imekwisha."

"Na wa chini?" mama akasema. "Hao wa chini mmewauliza maji yakija watakwenda wapi?"

Komora naye uzalendo ukamshinda, akapaza sauti: "Mama, mimi nimechoka kukutafuta kwenye mashua!" Kisha akatoka nje barazani. Nilimwona anafuta macho kwa fulana, na nilimhurumia, wallahi.

Tulipobaki wawili, mama akanisogelea. "Mwanangu, Jumatatu kuna gari la kwenda upande wa Kilelengwani?"

Nikasema sijui. Gari lipo na dereva ni jirani yangu, lakini ningesemaje?

Hapo hapo tukasikia hodi.

Alikuwa mama mmoja Muorma, jamii ya wafugaji, mpangaji wa chini yetu, wanamwita Mama Halima. Ameshika sufuria ndogo yenye kifuniko.

"Mimi nakaa hapa chini. Nasikia nyinyi navuta vitanda tangu asubuhi. Maziwa hii ya ng'ombe yetu, mkunywe chai."

Wenyeji wa huku mnajua, wakulima na wafugaji tumewahi kukosana vibaya. Mama Komora ameyaona hayo. Kwa hiyo nilikaza roho, nikamtazama usoni.

Akainuka. Akaipokea sufuria kwa mikono miwili. "Ahsante mwanangu. Karibu ndani."

Mama Halima akasema ameacha mtoto, atakuja siku nyingine. Akashuka.

Mama akayamimina maziwa, akaiosha sufuria, akabaki ameishika.

"Inarudi na nini hii?"

Komora akasema, "Nitairudisha mimi, nimwambie ahsante."

Alaa! Mama alimgeukia kama amemtukana. "Chombo cha watu kirudi kitupu? Kutoka kwangu mimi? Fungua gunia hilo, toa mchele!"

Mchele ukatolewa, ukarowekwa. Mimi nikatumwa sokoni nazi na hamira. Sasa chuma cha vitumbua, kiko wapi? Kiko chini kabisa ya gunia la mwisho. Tukafungua moja baada ya jingine, sufuria, mabakuli, leso, vyote sakafuni, na mama anatuhimiza tuharakishe.

Mnajua kilichofuata. Mchele unatwangwa wapi? Uani. Nikakishusha kinu ngazi zile zile, natukana kimoyomoyo.

Mama Halima akatoka kuona kishindo cha nini. Akaomba ajaribu. Hakuwa amewahi kutwanga vile, mchi ukamtoroka, unga ukaruka hadi usoni. Mama Komora alicheka mpaka akashika mbavu. Mchi ulikuwa mmoja tu, wakawa wanapokezana.

Jioni sufuria ikashuka imejaa vitumbua. Jumapili ikarudi na maziwa.

Jumatatu asubuhi nikapita pale roho juu. Mama yuko jikoni. "Sisafiri na chombo cha watu ndani," akasema, basi.

Juzi nimeenda tena. Magunia yamekunjwa, yako chini ya godoro. Kamba zake zimefungwa barazani, zimeanikwa nguo. Nikajifanya sijaona.

Tunakunywa chai, mama akaniuliza tena, "Lile gari la Kilelengwani, umeulizia?"

Komora akaweka kikombe chini.

"Lipo, mama," nikajibu. Nisingeweza kudanganya mara mbili.

"Mwambie dereva apite kwa dada yangu. Kuna mchi wangu wa pili nimeuacha kule. Yule wa chini sasa ameshajua kutwanga, mchi mmoja haututoshi."

Komora aliinuka akaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi tayari.

Nilichojifunza ni hiki: ukimhamisha mzazi, kabati na shelfu vinaweza kusubiri. Angalia kwanza kama kuna mtu wa kupelekeana naye sufuria.

Nyinyi mliowaleta wazazi mjini, ni nini kiliwafanya wafungue mizigo? Semeni hapa chini, Komora anasoma. Na mwenye pikapu inayotoka Kilelengwani wiki hii anijulishe, dereva wetu ameharibikiwa na gari na mama ananiulizia mchi kila siku.