Inafungukia Nyumbani

Wiki nzima nilijifungia chumbani, nyumbani kwetu Mwananyamala, naweka kwenye kompyuta programu za kutengenezea tovuti. Hii inagoma, ile inataka nyingine iwekwe kwanza, mie natukana kimoyomoyo. Mchana mmoja zikakubali. Ukurasa wangu wa kwanza ukafunguka, una neno moja tu: "Karibuni."

Nikamwita mama aone. Kabla sijavuta pumzi, alishanakili anwani ya ukurasa kwenye simu yake na kuitupia kwenye grupu la ukoo.

Simu zikaanza kuita. Shangazi wa Tandale haoni kitu. Baba mdogo wa Madale kazima simu, kawasha, bado. Nikamweleza mama, meno nimeyauma, kwamba tovuti haijapandishwa mtandaoni, kwa sasa inafunguka kwenye kompyuta hii tu.

"Si ungesema mapema," akanijibu, akarekodi sauti kwenye grupu. "Jamani, inafungukia hapa nyumbani. Njooni."

Wakaja kweli. Shangazi kabeba maandazi, baba mdogo kavaa suti ya harusini. Wakapanga foleni hadi koridoni. Kila mmoja anainama mbele ya kioo, anasoma "Karibuni," anaitikia "Asante," anampisha mwenzake. Mama kasimama pembeni, anawahimiza wasikae sana.

Nimetengeneza tovuti nyingi tangu siku ile. Hakuna nyingine ambayo watu walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia.